Kutoa ni Moyo: Parokia za Mara Ziache Kujihesabu Upande wa Wapokeaji Tu

Ukizunguka parokia za Musoma, Bunda na Butiama hutakosa kuona vibao. Kipo kwenye ukuta wa zahanati, kipo juu ya mlango wa darasa la chekechea, kipo kwenye tangi la maji ya mvua. Kimeandikwa jina la parokia fulani ya Ulaya au Marekani, mwaka wa ujenzi, na neno la shukrani. Hakuna ubaya, aliyekutendea wema mtaje. Ila kuna kibao ambacho bado sijakiona popote: kinachosema kwamba mchanga wa jengo hili ulisombwa kichwani na akina mama wa jumuiya fulani, kokoto ziligongwa na wazee wa kigango fulani, na maji ya kukorogea saruji yaliletwa kwa ndoo na vijana waliokuwa wakijiandaa kwa kipaimara.

Jambo la pili ninaloliona ni namna matangazo yanavyosomwa mwisho wa Misa. Wakiwapo wageni kutoka ng'ambo, wanaitwa mbele, kwaya inaimba, vigelegele vinapasua paa, mwenyekiti wa halmashauri walei anasoma risala yenye orodha ya mahitaji. Lakini ikifika Oktoba, Jumapili ya Kimisionari, habari ya mchango wa kwenda kwa Wakristo wa nchi nyingine inasomwa kwa sentensi moja, ikiwa imebanwa kati ya tangazo la ndoa na tangazo la simu iliyookotwa. Watu wanapapasa mfukoni, wanatoa sarafu ya shilingi 200, basi. Hakuna vigelegele, hakuna risala, na wiki inayofuata hakuna anayeuliza kiasi gani kilipatikana.

Nasema mapema ili tusizungushane: parokia zetu zimejizoesha kujihesabu upande wa wapokeaji tu, na mazoea hayo yanatuumiza zaidi ya umaskini wenyewe. Yanaficha yale tunayotoa tayari, yanafanya misaada inayokuja itumike vibaya, na yanawafundisha watoto wetu kwamba wema ni kitu kinachoshuka kwenye gari lenye wageni. Wakati umefika wa kila jumuiya ya Mara kujitambua kuwa ni mtoaji, kwa jirani na hata kwa watu wa mbali ambao haitawaona kamwe, na kuweka wazi hesabu za pande zote mbili.

Senti za mafukara

Tuanze na swali: hizo fedha zilizojenga misheni zetu zilitoka kwa nani? Wengi tunadhani zilitoka kwa matajiri. Historia inasema vingine.

Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Lyon nchini Ufaransa, mji wa viwanda vya hariri, msichana aliyeitwa Pauline Jaricot alibuni njia ya kuchangia misheni. Aliwapanga watu kumikumi, wengi wao wafanyakazi wa kawaida. Kila mmoja alitoa sarafu ndogo moja kwa wiki na kusali kila siku. Kiongozi wa kumi alipeleka kwa kiongozi wa mia, wa mia kwa kiongozi wa elfu. Hivyo tu. Kutokana na makundi hayo, mwaka 1822, likazaliwa Shirika la Uenezaji Imani, ambalo baadaye lilikuwa Shirika la Kipapa na likasaidia misheni duniani kote, zikiwamo zile za Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe. Jaricot alitangazwa mwenyeheri mjini Lyon Mei 2022.

Mapadri Weupe ndio waliofungua misheni ya Nyegina, nje kidogo ya mji wa Musoma, mwaka 1911. Mwaka huohuo, upande wa pili wa dunia, maaskofu wa Marekani walianzisha shirika la wamisionari la Maryknoll, ambalo mapadri wake walifika Musoma mwaka 1946. Masista wa Maryknoll wakafuata mwaka 1948, wakaanzia Kowak. Mwaka 1957 Musoma ikawa jimbo kamili, na askofu wake wa kwanza, John Rudin, alitoka katika shirika hilo. Shule, zahanati, visima na makanisa ya miaka hiyo yalilipiwa kwa sehemu kubwa na michango ya Wakatoliki wa kawaida wa Marekani: mafundi, makarani, wajane waliosoma gazeti la shirika na kuweka dola moja kwenye bahasha.

Haikuishia hapo. Uingereza, mwaka 1960, wanawake Wakatoliki walianzisha Siku ya Familia ya Kufunga: familia inaacha mlo mmoja na kutoa thamani yake kwa maskini wa nchi nyingine. Mchango wa kwanza ulikwenda kwenye kliniki ya mama na mtoto katika kisiwa cha Dominica, na kutokana na juhudi hizo shirika la CAFOD likaundwa mwaka 1962. Ireland nayo ina Trócaire, iliyoanzishwa na maaskofu mwaka 1973, na kisanduku chake cha karatasi kinachokaa mezani nyumbani Kwaresima nzima. Ujerumani, kila Januari, watoto huvaa kama mamajusi, hupita nyumba kwa nyumba wakiimba na kukusanya fedha kwa ajili ya watoto wenzao wa nchi za mbali.

Kwa nini nayataja haya kwa msomaji wa Mwisenge au Kisorya? Kwa sababu yanavunja uongo mmoja mkubwa. Fedha ya ng'ambo haianguki kutoka mbinguni kule pia. Nyuma yake yuko bibi mstaafu aliyeoka keki akaiuza baada ya Misa, yuko mtoto aliyejinyima pipi. Kama mtu mwenye pensheni ndogo anaweza kujihesabu mtoaji, nani alituambia sisi hatuwezi?

Jumuiya: benki isiyo na jengo

Tena mpango wa watu kumikumi si mgeni kwetu hata kidogo. Sisi tunauita jumuiya ndogo ndogo. Na hapa Mara tuna jambo la kujivunia ambalo wengi hawalijui: mwaka 1966, katika parokia ya Nyarombo, Rorya ya leo, Jimbo la Musoma, ndipo wazo la jumuiya ndogo za Wakristo lilipoanza kutajwa kwa jina na kujaribiwa katika ukanda huu. Ilikuwa imeonekana kwamba imani inasimama imara pale inapokaa kwenye makundi ya watu wanaojuana kwa majina, wa ukoo na ujirani mmoja. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati walikutana Nairobi chini ya AMECEA na kuzifanya jumuiya hizo kuwa msingi wa uchungaji katika nchi zao zote.

Leo jumuiya ndiyo inayojua nani amelazwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amekosa sare ya shule. Msiba ukitokea Nyasho saa nane usiku, kabla hata ndugu wa marehemu hawajafika kutoka Mwanza, mhazini wa jumuiya ameshapita na daftari. Mmoja anatoa elfu mbili, mwingine sado ya mahindi, mwingine kuni, na mwingine hana kitu, anakuja kukaa na wafiwa na kuosha vyombo. Wanawake wa WAWATA, umoja ulioundwa mwaka 1972, wanashika jikoni. Kipindi cha giza, wavuvi wanapopata dagaa, kiporo cha michango kinalipwa. Kipindi cha mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imeegeshwa, jumuiya inajua kusubiri. Benki gani ya mjini inaweza kukuvumilia hivyo?

Haba na haba hujaza kibaba. Ukijumlisha yote yanayotolewa na jumuiya moja kwa mwaka mzima, yaani zaka, tegemeza jimbo, michango ya kigango, misiba, wagonjwa, mnada wa kuku na maboga baada ya Misa ya mavuno, na ukaongeza siku za nguvukazi, utapata kiasi ambacho kitawashangaza wenyewe. Tatizo ni kwamba hakuna anayejumlisha. Daftari la mhazini linaandika wanaodaiwa. Picha ya jumla ya wema uliofanyika haiandikwi. Halafu siku ya wageni tunasimama na kusoma risala inayoanza na maneno "sisi ni maskini, hatuna kitu". Hatuna kitu? Na hao waliozikwa kwa heshima mwaka huu walizikwa na nani?

Sadaka zinazovuka bahari

Kuna jingine ambalo halisemwi vya kutosha kwenye mimbari. Kila mwaka waumini wa Musoma na Bunda wanachangia watu wa nje ya nchi, tena zaidi ya mara moja.

Ijumaa Kuu, tunapomaliza kuabudu Msalaba, sadaka ya siku hiyo ni kwa ajili ya Nchi Takatifu. Inasaidia kutunza mahali patakatifu na Wakristo wachache waliobaki Bethlehemu, Yerusalemu na maeneo ya jirani: shule zao, wagonjwa wao, nyumba zao. Mama anayeuza dagaa Mwigobero, siku hiyo anapotia noti yake kwenye kapu, amemsaidia mtu wa Bethlehemu. Anajua? Mara nyingi hapana.

Oktoba ni Jumapili ya Kimisionari, iliyowekwa na Papa Pius XI mwaka 1926. Mwaka 2026 unatimiza karne tangu iwekwe. Siku hiyo parokia zote za Kikatoliki duniani, ziwe za New York au za Butiama, zinakusanya fedha kwa ajili ya mfuko mmoja wa mshikamano. Mfuko huo unasaidia majimbo zaidi ya 1,000 ya kimisionari: kujenga kanisa la udongo kwenye msitu fulani, kulea waseminari, kuwalipa makatekista, kuanzisha jimbo jipya. Majimbo yetu ya Tanzania nayo yamo katika hesabu ya majimbo ya kimisionari. Jimbo la Bunda, lililozaliwa Novemba 2010 kutokana na sehemu za Musoma na Mwanza, linajua maana ya kuanza na karibu kila kitu kikiwa bado hakijajengwa. Kwa hiyo katika mfuko huo tunapokea na tunatoa, na wanaotoa ni wote, bila kuuliza nani tajiri.

Halafu wapo watoto. Shirika la Utoto Mtakatifu lilianzishwa na askofu wa Nancy, Ufaransa, Charles de Forbin-Janson, mwaka 1843, kwa wazo jepesi kwamba watoto wawasaidie watoto. Nenda parokia yoyote ya Mara Jumapili utawaona na sare zao, skafu shingoni, wakiimba na kucheza mbele ya altare. Siku yao ya dunia ni Tokeo la Bwana, Januari. Vijisenti wanavyotoa huingia katika mfuko wa kusaidia watoto wa mataifa mengine. Mtoto wa Bweri amemchangia mtoto ambaye hatamwona maisha yake yote. Hilo ni fundisho kubwa kuliko hotuba yoyote kuhusu uzalendo au utu. Je, wazazi wangapi wamewahi kukaa na mtoto jioni wakamweleza shilingi yake imekwenda wapi?

Mfano wa Kiabakari

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi misaada ya ng'ambo ifungiwe mlango. Nenda Kiabakari, wilayani Butiama, mji mdogo uliowahi kujulikana kwa mgodi wa dhahabu. Pale limesimama kanisa la hija la Huruma ya Mungu, matunda ya utume wa wamisionari kutoka Krakow, Poland, tangu miaka ya 1990. Poland hiyo, wakati kazi ilipoanza, ilikuwa nchi iliyotoka kwenye foleni za mkate na mabadiliko makali ya uchumi. Pamoja na hayo Wapoland walichanga. Pakajengwa kanisa, pakawa na huduma za afya na shule, na vijana wa kujitolea wakawa wanakuja kutoka kule. Mama mjamzito anayepata huduma karibu na kwake badala ya kusafirishwa juu ya pikipiki gizani hawezi kusikiliza nadharia yangu juu ya utegemezi kabla hajajifungua. Na ana haki.

Lakini Kiabakari inatufundisha pia upande mwingine. Ibada ya Huruma ya Mungu ilitoka Poland kupitia Mtakatifu Faustina, na leo mahujaji wanaopiga magoti pale ni Wazanaki, Wakurya, Wajita, Waluo na Wasukuma. Sala zao zinawaendea pia Wapoland. Watu wawili wanapoombeana, nani mfadhili na nani mfadhiliwa?

Na mikono yetu haikuwa mitupu tangu zamani. Mwaka 1955 mwalimu mmoja kijana aliacha kazi katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, kwa sababu ya siasa, akarudi nyumbani Mara. Katika miezi hiyo alikuwa akimfundisha Kizanaki padri wa Maryknoll. Jina lake Julius Nyerere, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943. Baadaye chuo cha lugha cha Makoko, ukingoni mwa ziwa, kilifundisha Kiswahili kwa mapadri, masista na walei waliotoka nchi nyingi. Waliondoka Makoko wakiweza kumsalimia mgonjwa, kuungamisha, kubishana bei sokoni. Bila lugha hiyo, dola zote za New York zisingefungua mdomo wa mtu. Nani aliandika mchango huo kwenye kibao?

Paroko akihama na wafadhili wake

Sasa tutazame hasara za kukaa upande mmoja wa hesabu, maana zinaishia jikoni kwa watu.

Ya kwanza: msaada mwingi unapita kwenye urafiki wa mtu mmoja. Paroko alisoma Ulaya, ana marafiki kule, wanamtumia fedha. Miaka mitano kila kitu kinakwenda vizuri. Akihamishwa, anahama na wafadhili wake. Anayekuja anakuta msingi wa bweni umeota majani, na waumini wanamlinganisha na mwenzake kana kwamba kipaji cha upadri ni kujua anuani za watu wa nje. Waumini hawakuujua mradi kwa undani, kwa hiyo hawawezi hata kuuendeleza kwa kiasi chao.

Ya pili: ufadhili wa mtoto mmojammoja. Elimu ya sekondari ya serikali haina ada, lakini sare, chakula cha mchana, hosteli na nauli vinahitaji fedha. Mfadhili anachagua mtoto kwa kutazama picha. Katika nyumba moja anachaguliwa mmoja, wawili wanaachwa. Mtaa unaanza kunong'ona: kwa nini wa fulani? Kisha siku moja mfadhili, ambaye mara nyingi ni mzee, anafariki, au parokia yake inaunganishwa na nyingine kwa sababu waumini wamepungua, jambo ambalo Ulaya na Marekani limekuwa la kawaida. Barua zinakoma. Mtoto yuko kidato cha pili. Mama anakwenda kwa katekista, katekista anasema subiri, na muhula unafunguliwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga, na hapa anayelipa gharama ya usemi huo ni mtoto ambaye hakuchagua kutegemea.

Ya tatu: tunapokea tusichokihitaji kwa sababu tunaona aibu kusema hapana. Mashine inayokula umeme kuliko uwezo wa zahanati, vitabu vya mtaala wa nchi nyingine, nguo za baridi kali. Bohari la parokia linajaa, paroko anaandika barua ya shukrani, na mwakani inakuja shehena nyingine ileile. Mkarimu wa kule anaamini amesaidia. Sisi tunajua hakusaidia. Hakuna anayemwambia mwenzake ukweli. Huo ni urafiki gani?

"Na sisi tunadaiwa bati la kigango!"

Najua kuna msomaji ameshakunja uso. Anasema: mwandishi, sisi tunadaiwa bati la kigango, tegemeza haijakamilika, mvua zimekatika na mihogo imeshambuliwa, halafu unatuambia tuchangie watu wa ng'ambo?

Hoja hiyo ni nzito, sitaikwepa. Familia isiyo na unga isidaiwe hata senti, na kiongozi wa jumuiya anayemtangaza mjane hadharani kwamba hajalipa amekosea mbele ya Mungu na mbele ya watu. Sadaka ya lazima haina jina hilo. Lakini kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tena Biblia ilishalijibu swali hili. Mtume Paulo alipokusanya michango kwa ajili ya Wakristo fukara wa Yerusalemu, waliomshangaza kwa ukarimu ni watu wa Makedonia, ambao yeye mwenyewe anawaeleza Wakorintho kuwa walikuwa katika umaskini mkubwa. Waliomba washirikishwe, na hakuna aliyewasukuma. Walijua kwamba kumzuia maskini asitoe ni kumnyima heshima aliyobakiwa nayo.

Waliotuzaa kisiasa waliliona hili pia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya tusijenge maendeleo yetu juu ya fedha za kuomba. Nyerere huyohuyo, mwana wa Butiama, Oktoba 1970 aliwahutubia Masista wa Maryknoll huko New York akiwaambia kwamba kazi ya Kanisa haiwezi kuishia kwenye kugawa sadaka, bali lazima lisimame pamoja na maskini dhidi ya mambo yanayowafanya wabaki maskini, na maskini wenyewe wawe watendaji. Na Tanzania haikusubiri itajirike ndipo isaidie wengine: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam tangu 1963, na tulibeba gharama za uhuru wa wenzetu wakati sisi wenyewe tulikuwa na barabara za vumbi. Nani leo anajuta?

Tufanye nini basi?

Kwanza, hesabu ziwe wazi. Paulo huyohuyo hakubeba michango peke yake. Alitaka makanisa yachague watu wa kusafiri nayo ili asije akalaumiwa na mtu. Kama mtume alihitaji mashahidi, paroko na mhazini wa siku hizi wasikasirike wakiombwa risiti. Kila fedha inayotoka ng'ambo isomwe kwa waumini: imetoka wapi, ni kiasi gani, imefanya nini, imebaki ngapi. Ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kwa Kiswahili. Na kila sadaka inayokwenda nje isomwe vilevile. Anayejua amechangia Bethlehemu kiasi gani mwaka huu atatoa kwa moyo mwakani.

Pili, ombi lianzie kwenye jumuiya. Kabla barua haijakwenda kwa parokia rafiki, jumuiya zikae, zijadili hitaji, na zitaje sehemu yao: tripu ngapi za mchanga, siku ngapi za nguvukazi, fedha kiasi gani, na nani atalipia matengenezo pampu ikiharibika. Hitaji ambalo jumuiya haiko tayari kulichangia hata kwa jembe, pengine si hitaji lao.

Tatu, ufadhili wa watoto upitie kwenye mfuko wa elimu wa parokia, usimamiwe na kamati yenye walei, walimu na akina mama, na usaidie kufuatana na shida, si sura nzuri kwenye picha. Mfadhili mmoja akiondoka, mfuko unabaki na mtoto anamaliza shule.

Nne, urafiki uwe wa pande mbili. Parokia rafiki ya ng'ambo ina wazee wapweke, ina makanisa yanayofungwa, ina vijana waliopoteza njia. Watumieni sala kwa majina, nyimbo za kwaya zilizorekodiwa, barua ya pole wanapofiwa, hata mchango mdogo wanapopatwa na mafuriko. Msiuone mdogo. Wao wana fedha kuliko sisi; sisi tuna jumuiya ambazo wengi wao wanazitafuta. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: vijana wao wakija kututembelea, wasiishie kupiga picha na watoto. Wakae kwenye jumuiya, wabebe maji, wahudhurie msiba, ndipo watajua wanarudi na nini.

Viongozi wa halmashauri walei wa Musoma na Bunda ninawaachia kazi moja ya Oktoba hii. Wiki mbili kabla ya Jumapili ya Kimisionari, kila jumuiya ielezwe fedha ile inakwenda wapi. Watoto wa Utoto Mtakatifu wapewe dakika tano za matangazo badala ya sentensi moja. Kapu lipite bila kumlazimisha mtu. Jumapili inayofuata kiasi kisomwe hadharani, hata kikiwa shilingi elfu arobaini. Kisha msimamizi wa matangazo awaombe waumini wawapigie vigelegele waliotoa, yaani wajipigie wenyewe.